Raundi ya Nne ya Odell Whitlow

Duka la kinyozi la Odell Whitlow, kaskazini mwa Filadelfia, lilikuwa na viti vitatu vya kunyolea, benchi moja refu, na ubishi mmoja usiozeeka. Ubishi wenyewe ulikuwa huu: Jericho Pettway, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipigana vizuri kuliko siku zote katika pambano lipi?

Shemasi Purcell Gaines, aliyesambaza barua za mtaa ule miaka thelathini, alisema Chicago. Hosea Crump, muuza samaki, alisema Kingston. Kila Jumamosi wangeanza taratibu, kama watu wanaosalimiana, na kabla ya adhuhuri mmoja wao angekuwa amesimama katikati ya nywele zilizokatwa, ngumi juu, akionyesha.

"Chicago ilikuwa raundi moja, Shemasi. Mtu hapimwi kwa raundi moja. Hata mkeo ukimwona kwa dakika tatu utasema mpole."

"Mwache mke wangu. Kingston bingwa wako alichukua raundi kumi na tano kwa sababu alikuwa hana pumzi. Mtu akila sahani kumi na tano si lazima chakula kiwe kitamu, Hosea. Pengine ana njaa tu."

Odell alikuwa akinyoa kwenye kiti cha kwanza, karibu na dirisha, kichwa kimeinama, mashine imepotea ndani ya kiganja chake kikubwa. Hakuingilia. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyemwuliza, ingawa katika watu wote waliowahi kukanyaga duka lile ni yeye peke yake aliyepigana na Jericho Pettway. Ilikuwa Cleveland, Machi ya mwaka sitini na tisa, naye akashindwa katika raundi ya nne. Kila mazungumzo yalipokaribia mji ule, mtu mmoja alikohoa. Basi wote waliruka wakaangukia besiboli.

Mkewe Vernetta ndiye aliyejua kikohozi kile kilitoka wapi. Yeye ndiye aliyekipanda.

Vernetta alikuwa mwalimu wa shule, binti wa mwalimu, mjukuu wa mwanamke aliyejifunza kusoma kwa siri. Kwao jina la ukoo halikutupwa njiani watu wakalikanyaga. Miaka miwili baada ya Cleveland, Odell akiwa ameacha ngumi na kufungua duka, binti yao Corinne alirudi nyumbani macho mekundu. Shuleni walimwambia baba yake alijilaza ulingoni kwa makusudi, alipwe. Vernetta hakumwambia mumewe. Alingoja hadi Jumanne, siku ambayo Odell huenda mjini kununua wembe na poda, akavaa kofia ya kanisani na glavu zake za kijivu, akaingia dukani. Wanaume walivua kofia.

"Sitakaa," alisema. "Nimekuja kusema neno moja. Pambano la Cleveland lisitajwe tena humu, mbele ya mume wangu wala nyuma yake. Atakayelitaja nitazungumza na mkewe Jumapili, na mkewe akimaliza nitazungumza na mama yake."

Walikuwa watu wa kila namna mle ndani: waliotoka vitani, waliotoka jela, na mmoja aliyewahi kumzaba askari kibao. Wote walimwogopa Bi Whitlow, maana alikuwa amewafundisha watoto wao, na wengine aliwafundisha wenyewe. Wakasema ndiyo, mama. Nao walitimiza. Miaka thelathini na sita ilipita, benchi likachakaa, watu wakazikwa, na neno Cleveland halikusikika dukani hata kwa kuteleza ulimi. Vernetta alijivunia jambo hilo kimyakimya, kama mtu anavyojivunia ukuta alioujenga usiku wa mvua nao ukasimama.

Odell alishikwa na ugonjwa wa moyo mwaka elfu mbili na sita. Mwaka uliofuata hakuweza tena kushuka ngazi. Lester Boykin, kinyozi wa kiti cha pili, ndiye aliyeendesha duka. Kiti cha kwanza alikifunika shuka jeupe, wala hakumruhusu mtu akikalie.

Aprili, siku ya Jumanne, alasiri, jua likiwa limefika miguuni pa kitanda, redio ilitangaza kwamba Jericho Pettway amefariki. Vernetta alikuwa dirishani akikunja nguo. Odell alifumba macho, akayafumbua. Watu wakaanza kupiga simu redioni, kila mmoja na usiku wake. Wa kwanza alisema Kingston. Wa pili alisema Chicago. Wa tatu alikuwa mzee, sauti yake inakwaruza, akasema, "Nyote hamjui. Mimi nasema Cleveland, raundi ya nne. Siku ile..."

Mkono wa Vernetta ulikuwa umeshafika kwenye redio. Akaizima.

"Iwashe," Odell alisema.

Aliiwasha. Yule mzee alikuwa ameondoka. Walikuwa wakitangaza sabuni.

"Netta, yule mtu alitaja Cleveland."

"Sikusikiliza vizuri."

"Ulisikiliza. Umevuka chumba kizima kwa hatua mbili, na goti lako hilo."

Vernetta alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kwa miaka mingi alidhani hayo mawili hayafanani hata kidogo.

"Nataka nikwambie kitu," Odell alisema, "nawe usikunje nguo wakati nasema." Vernetta akaiweka fulana chini. "Raundi ya nne sinayo."

"Huna vipi?"

"Sinayo. Ya kwanza naijua kama zaburi. Ya pili nilimpiga kushoto, hapa, chini ya moyo, akanikumbatia. Jericho Pettway alinikumbatia, Netta, akaninong'oneza sikioni, 'Taratibu, kijana.' Ya tatu alinirudishia na riba. Nakumbuka nimekaa kwenye kona, Cephus, kocha wangu, ananimwagia maji shingoni. Kisha nakumbuka taa ya chumba cha kubadilishia nguo, na wewe umeshika koti langu. Katikati hakuna kitu. Mtu mwingine alivaa suruali yangu akaenda kupigana."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia nini? Gazeti liliandika mstari mmoja: Whitlow, raundi ya nne. Filamu iliungua na ghala la mwandaaji wa pambano. Halafu nikasikia maneno ya watu." Alivuta pumzi. "Kupigwa si kitu. Kila mtu alipigwa na Pettway. Lakini waliposema nilijilaza, sikuweza kukana. Utakana vipi jambo ambalo hukuwepo? Wakati mwingine nanyoa mtu, nafikiri, pengine ni kweli. Pengine nilichoka nikatafuta mahali pa kulala."

"Odell. Wewe huwezi."

"Hujui. Mimi mwenyewe sijui." Aligeuza viganja vyake juu ya blanketi, akavitazama. "Nilipofungua duka nilifikiri, wanaume hawa hawawezi kunyamaza. Hosea alikuwa kule Cleveland, alienda na basi. Shemasi alikuwa kule. Siku moja watabishana, nami nitasikia bila kuuliza. Mtu haendi kwa wateja wake akasema, jamani, hivi nilipigwaje? Basi nikangoja. Jumamosi baada ya Jumamosi. Wakifika karibu, mmoja anakohoa. Nikasema, ndiyo hivyo. Wanajua kuwa nilijilaza, nao ni waungwana, wananisitiri."

Vernetta alisikia jua likimchoma mgongoni. Kinywa chake kilikauka kama cha mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ni mimi niliyewakataza," alisema.

"Uliwakataza nini?"

"Kutaja. Mwaka wa sabini na moja. Corinne alikuja analia, nikaenda dukani siku uliyokwenda mjini."

Odell alimgeukia. "Wote walikubali?"

"Wote."

"Hosea pia?"

"Hosea pia."

Odell alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akamkamata mkono hadi kilipotulia. "Mwalimu," alisema. Ndivyo alivyomwita walipokuwa wachumba. "Basi nisimulie wewe. Ulikuwa safu ya tatu. Nilikuona ulipoketi, una kofia ya bluu."

Ni swali ambalo Vernetta angetoa nyumba yao aweze kulijibu.

"Nilifunika uso kwa koti," alisema. "Tangu raundi ya pili. Sikuona kitu, Odell. Nilisikia kelele tu."

"Hata wewe," Odell alisema. Hakusema kwa hasira. Akageukia dirisha, na baada ya muda akalala.

Mtu mwingine angeondoka saa ile ile kwenda dukani kuwauliza walioona, na kandambili miguuni. Duka lilikuwa mitaa miwili tu. Vernetta hakwenda Jumatano. Alisema kuna daktari. Alhamisi alisema kuna mvua. Ijumaa alikaanga samaki, akajiambia dukani kuna watu wengi siku za mwisho wa juma. Ukweli ni kwamba hakujua jinsi ya kusimama mbele ya wanaume wale na kusema nilikosa. Katika maisha yake alikuwa amewaambia watu wengi waseme maneno hayo, wakayasema. Yeye hakuwa na mazoezi. Kiburi ni nguo nzito, na mwenye kuivaa miaka mingi hudhani ni ngozi.

Jumamosi alivaa kofia, akaenda.

Aliwasikia tangu nje. Msiba wa Pettway ulikuwa umewapandisha sauti. Hosea alikuwa Kingston, raundi ya kumi na mbili, na kitambaa cha kinyozi bado kimefungwa shingoni. Alipomwona Vernetta, alikohoa yeye mwenyewe.

"Besiboli mwaka huu..." Lester alianza.

"Acha, Lester," Vernetta alisema. "Nimekuja kwa ajili ya Cleveland."

Hakuna aliyejongea. Mashine ya Lester iliendelea kunguruma hewani hadi alipokumbuka kuizima. Vernetta aliwaambia yote, amesimama wima, mikono juu ya mkoba. Aliwaambia kuhusu raundi ambayo mumewe hanayo, na jinsi alivyosikia kikohozi chao miaka yote, na alivyokitafsiri. Mwisho alisema, "Mimi ndiye niliyekosa. Nyinyi mlitii."

Hosea alivua kitambaa shingoni taratibu. "Dada Whitlow," alisema, "sisi tulidhani ni yeye aliyekutuma."

"Yeye?"

"Tulidhani hawezi kustahimili kulisikia. Mimi nikikohoa nilikuwa namtazama usoni kwenye kioo, nikaona ananitazama. Nikasema, haya, ananishukuru."

Shemasi Gaines alikuwa ameinama, fimbo katikati ya magoti. "Miaka thelathini na sita," alisema, "nimeitetea Chicago. Chicago haikuwa kitu. Yule mtu wa Chicago alikuwa ameanguka kabla sijakaa vizuri. Nilikuwa siruhusiwi kusema ninachoamini, nikachukua kilichobaki."

"Basi umenibishia bure miaka yote?" Hosea alimwuliza.

"Wewe ulikuwa unaamini Kingston?"

Hosea alianza kukunja kile kitambaa.

Lester alikuwa ameshashika funguo. "Nafunga. Twende sasa hivi, mama. Mitaa miwili tu."

Vernetta alitazama benchi. Watu watano walikuwa wakingoja, na mmoja alikuwa bwana harusi, nywele zake nusu zimekatwa nusu bado. Duka lile halikuwahi kufungwa Jumamosi. Odell alimzika mama yake Jumamosi, na asubuhi ya siku ile ile alinyoa vichwa sita. Watu wangesemaje, duka la Whitlow limefunga mlango watu wako nje?

"Hapana," alisema. "Jumatatu, siku ya mapumziko yenu. Saa nane mchana. Mje mmevaa vizuri."

Shemasi alizitazama funguo mkononi mwa Lester. Ndiyo, mama, wakasema, kama zamani.

Odell aliambiwa kwamba wanakuja. Jumapili alitaka anyolewe. Vernetta alimnyoa mwenyewe, kwa wembe wa zamani na bakuli la maji ya moto, na Odell akamwelekeza kwa kidole: hapa nyoosha ngozi, hapa shuka nao, usipande. Alitaka shati jeupe. Vernetta alilipiga pasi akalitundika mlangoni, na alasiri nzima Odell alilitazama. Hakula sana. Alisema siku ya kupimwa uzito kabla ya pambano, bondia hali chakula.

"Ikiwa watasema nilijilaza," alisema, "wewe usiwakatize. Waache wamalize."

"Sitawakatiza."

"Uniahidi, Mwalimu."

Akaahidi.

Jumatatu, saa nne asubuhi, alikwenda jikoni kumtengenezea chai. Aliporudi, Odell alikuwa ameelekeza uso mlangoni, kwenye shati, na hakuwa akipumua tena.

Corinne alikuwa Atlanta; angefika jioni kwa ndege. Watu wa mazishi walikuja wakamchukua kabla ya adhuhuri. Vernetta aliwapa suti ya kijivu, na shati lile akalibakiza, hakujua kwa nini. Akaketi sebuleni. Hakukumbuka kumpigia mtu mwingine simu.

Saa nane kamili kengele ya mlango ililia. Walikuwa watatu kwenye ngazi za mbele, wamevaa suti na tai. Shemasi alishika kofia yake. Lester alibeba pai ya viazi vitamu aliyooka mkewe. Hosea alinukia manukato ya kuficha samaki. Walimwona usoni, wakajua.

"Saa ngapi?" Shemasi aliuliza.

"Saa nne."

"Saa nne ya leo?"

"Ya leo."

Hosea aligeuka akatazama barabara. Lester aliishika ile pai kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Shemasi alisema wataingia waombe, kisha wamwache apumzike, watarudi na wake zao.

"Ingieni," Vernetta alisema. "Kaeni. Mlikuja kubishana."

"Dada Whitlow, leo si..."

"Nilimwahidi sitawakatiza. Basi kaeni."

Waliketi kwenye kochi, magoti yamegusana. Yeye aliketi mbele yao kwenye kiti cha Odell. Hosea alivuta pumzi, akasema, "Raundi ya nne..." na hapo hapo Lester akakohoa. Hakukusudia. Ilikuwa mazoea. Wote watatu wakatazama sakafu.

"Anzeni na kengele," Vernetta alisema. "Kengele imelia. Alifanya nini?"

"Alitoka," Hosea alisema. "Alitoka kwanza. Pettway alikuwa bado anaelekea katikati na Odell yuko hapo anamngoja. Kisha Pettway akaanza. Sijaona kitu kama kile tangu hapo, mama. Mkono wa kushoto mara tano, sita, huuoni ukirudi. Kingston hakupiga hivyo. Hakuna mahali alipopiga hivyo. Alimwangusha kwa mkono wa kulia."

"Wa kushoto," Shemasi alisema.

"Wa kulia, Purcell. Nilikuwa upande ule."

"Ulikuwa upande wa choo. Wa kushoto, akaanguka kwa goti moja. Akainuka kwenye hesabu ya sita."

"Ya nane."

"Sita au nane, akainuka. Pettway akamwangusha tena, na hapo Cephus alikuwa ameshashika taulo, naye Odell akamtazama Cephus. Nilimwona. Akatikisa kichwa. Alikuwa amepiga goti, damu machoni, akamkatalia. Akainuka tena."

Vernetta alikuwa ameshika mikono yake miwili mapajani. Hakuipandisha usoni.

"Kisha?"

"Kisha bingwa alimpiga kwa kila alichokuwa nacho," Hosea alisema, sauti yake sasa iko chini. "Ndiyo maana tunasema usiku ule ndio aliopigana vizuri kuliko siku zote. Wengine wote walianguka mapema au walimkimbia Pettway hadi mwisho, kwa hiyo hatukujua ana nini ndani. Odell ndiye aliyemlazimisha akitoe. Na hakuanguka mara ya tatu. Mwamuzi aliingia katikati akamkumbatia, akamaliza pambano."

"Alikuwa wapi? Chini?"

"Chini?" Shemasi alimtazama kana kwamba hakusikia. "Mama, alikuwa amesimama. Alikuwa bado anarusha ngumi. Alimpiga mwamuzi mgongoni mara mbili, masikini, hakujua ni nani. Pettway mwenyewe alikuja akamshika mikono, akamrudisha kwenye kona kama mtu anavyomsindikiza kaka yake."

"Alikuwa amesimama," Vernetta alisema.

"Watu elfu kumi walimwona. Wale waliosema alijilaza hawakuwepo. Hata sinema hawakuwa na nauli ya kwenda."

"Kwa mkono wa kulia," Hosea alinong'ona, "ile ya kwanza."

"Kushoto, Hosea."

Vernetta aliinuka. Alipita katikati yao, akatokea ukumbini, akashika reli ya ngazi, akapanda, goti linauma, moja, mbili, tatu, haraka kuliko alivyopanda mwaka ule mzima. Alikuwa na jibu, na alitaka kulifikisha kabla halijapoa.

Kutoka pale aliona mlango wa chumba ukiwa wazi, shati jeupe limetundikwa, na nyuma yake kitanda kitupu.

Alisimama. Chini, wale wanaume hawakujua alikokwenda. Walidhani ameenda kulia, wakamwachia nafasi. Kwa kuwa hawakuweza kukaa kimya, wakaanza upya, taratibu, kwa sauti ya watu walio kwenye nyumba ya msiba: kulia, kushoto, sita, nane. Vernetta aliketi kwenye ngazi na kofia zao zikiwa chini yake kwenye meza ya ukumbini, akawasikiliza hadi, katika maneno yao, kengele ya raundi ya nne ikalia tena.